Jasho la Kapteni Jafar

Ijumaa ya kwanza Kapteni Jafar alipanda mizani bila viatu na bila mkanda, hata saa ya mkononi akaivua, lakini sindano ilipita tisini bila kusita ikaenda kusimama kwenye tisini na saba. Mizani yenyewe ilikuwa ya Wahindi waliokaa katika nyumba hiyo ya mlima wa Mbuya, Kampala, kabla yake. Waliiacha bafuni siku walipofukuzwa, pamoja na mapazia na kiti cha mtoto, na kapteni hakuwahi kuikanyaga mpaka siku hiyo.

Daktari Okullo aliinama akasoma. Alikuwa mtu wa Lira, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Nyuma yake, mlangoni, alisimama Nabalayo, mpishi, ameshika taulo. Alikuwa ameitwa asikie mwenyewe atakachoambiwa bwana wake.

"Bodi inataka themanini na tano, afande," daktari alisema. "Ukizidi hapo watakurudisha."

Bodi hiyo ilikuwa ya kuchagua maofisa wa kwenda ng'ambo kujifunza vifaru kwa mwaka mzima. Waliotangulia walirudi wakiwa mameja, na Jafar aliitaka safari hiyo kuliko alivyotaka kitu kingine chochote.

"Chakula chote kina nguvu ndani yake," daktari alimweleza Nabalayo, "na nguvu hizo zina kipimo, tunakiita kalori. Zikiingia nyingi kuliko zinazotoka, mwili unaziweka. Afande ameweka za kutosha."

Jafar akacheka. Daktari naye akacheka kidogo, baada yake.

Kisha akampa mpishi masharti. Posho, yaani ugali, ipimwe kabla ya kuingia kwenye sahani. Nyama isizidi kiganja, bila mafuta, ichemshwe isikaangwe. Mboga za majani kadiri anavyotaka. Sukari hapana. Na kila asubuhi afande atembee kwa haraka, ateremke mlima mpaka barabara ya Port Bell, apande tena.

"Kutembea ni ya nini?" Jafar aliuliza. "Mimi si mtu ya kukaa ofisi, daktari. Kazi yangu ni ya nguvu. Natoka jasho mpaka shati inashika mgongo. Hiyo si mazoezi?"

Daktari alikuwa na swali mdomoni, Nabalayo aliliona. Kazi gani? Lakini ulikuwa mwaka wa sabini na sita, na mtu hakumuuliza mwanajeshi kama Jafar kazi yake ni ipi. Jafar hakuwa na kikosi. Kila asubuhi gari dogo lilimchukua na kumpeleka upande wa pili wa mji, kwenye nyumba yenye ukuta mrefu ambayo watu walivuka barabara wasiipite karibu.

"Inahesabika, afande," daktari alisema mwishowe. "Kazi ya jasho ni mazoezi. Kila saa moja ya kazi nzito, mpishi anaweza kukuongezea kipande kimoja cha nyama, na posho kama ukubwa wa ngumi."

"Umesikia?" Jafar alimgeukia Nabalayo.

"Nimesikia, afande."

Nabalayo alikuwa Mbukusu wa Bungoma. Alikuja Kampala na mumewe Cleopas, fundi wa magari, miaka ambayo Mkenya aliweza kushuka garimoshi na kupata kazi siku hiyo hiyo. Mwezi wa saba mwaka huo mambo yaligeuka. Wakenya walianza kutafutwa majumbani na makazini, na Cleopas akatoroka na lori la mkaa kwenda mpakani akitumaini mkewe atamfuata wiki ile ile. Hakuweza. Kapteni alikuwa amechukua pasi yake ya kusafiria na kuifungia katika kabati la chumba cha kulala. "Ukikaa kwangu hakuna mtu atakugusa," alimwambia. Hilo lilikuwa kweli. Ilikuwa kweli pia kwamba hakuwa na njia ya kuondoka.

Mke wa kapteni, Laker, alikuwa Mwacholi wa Kitgum, Mkatoliki aliyeolewa na Mwislamu wakati kaka zake wawili wangali hai jeshini. Sasa hawakuwa hai, na hakuwa na ruhusa ya kuwalilia ndani ya nyumba hiyo. Binti yake, Acen, alikuwa amempeleka kwa bibi yake Kitgum akisingizia kwamba hewa ya Kampala inamletea kifua.

Jioni ya siku ile ya mizani Laker aliingia jikoni, akavuta kigoda, akaanza kuchambua dodo, mchicha wa huko, bila kuombwa.

"Nabalayo, akipungua ataondoka," alisema.

"Ndiyo, Mama Acen."

"Akiondoka kabati nalivunja mwenyewe. Pasi yako imo. Mimi nitamfuata mwanangu." Alitupa bua kwenye ndoo. "Basi tumpunguze."

Halikuwa jambo gumu kulitamka. Wanawake wawili, jiko la mkaa, na mtu mmoja wa kulishwa kidogo. Nabalayo alisugua mizani ya jikoni yenye sahani ya shaba, iliyoachwa na Wahindi hao hao, akaanza kupima. Kila asubuhi alishuka soko la Owino kutafuta majani. Sukari na chumvi na sabuni vilikuwa vimeadimika mjini kote, na wauzaji walimjibu kabla hajauliza, "Mama, leo sukali hakuna." Yeye aliwaambia hataki sukari. Alinunua dodo, kabichi, biringanya, majani ya nakati, mafungu mpaka kikapu kinafumuka, akarudi kumjazia kapteni sahani ya kijani yenye kisiwa kidogo cha posho katikati.

Jafar aliitazama sahani kama mtu aliyetukanwa, lakini alikula.

Halafu akaanza kuhesabu.

Alikuwa na desturi ya kurudi saa kumi alasiri na kukaa mezani kabla hata ya kuvua buti. "Leo gwaride, saa mbili nimesimama juani," alisema. Nabalayo akaongeza vipande viwili. Kesho yake, "Nimekwenda na gari mpaka Jinja, barabara mbaya, mgongo yote inauma. Hesabu saa moja." Akaongeza kimoja. Siku nyingine alihesabu kupanda ngazi, siku nyingine kumfokea dereva. Kutembea asubuhi alikwenda mara mbili tu, akaacha. Nabalayo aliona kwamba mtu huyu anapewa chakula kwa kila pumzi, lakini daktari alikuwa amesema, na kapteni alikuwa amesikia, na hakuna aliyeweza kulirudisha neno lile.

Ijumaa ya pili alipungua kilo moja, nayo ilikuwa maji tu ya mwili. Daktari alisema haba na haba hujaza kibaba. Jafar alisema yeye hataki kibaba, anataka themanini na tano.

Katikati ya wiki iliyofuata alirudi mapema. Nabalayo alikuwa akianika nguo. Gari lilisimama, kapteni akashuka, na shati lake lilikuwa limelowa toka kwapani mpaka kiunoni, limegandamana na mwili. Mikono ya shati ilikuwa imekunjwa juu ya viwiko. Alipita bila neno, akakaa mezani, akauweka mkono wa kulia juu ya kitambaa cheupe.

Ulikuwa umevimba. Vifundo vya vidole vilikuwa vimechubuka, viwili vimepasuka.

"Maji ya moto na chumvi," alisema.

Nabalayo alileta bakuli. Jafar alizamisha mkono, akafumba macho, akatoa pumzi ndefu ya mtu aliyemaliza kulima.

"Saa tatu," alisema. "Hii mkono haiinuki. Weka kwa hesabu."

Nabalayo alisimama pale akiwa hajaelewa bado. Kisha akaona maji kwenye bakuli yanageuka rangi, na rangi ilikuwa nyingi kuliko ile ambayo michubuko ile midogo ingeweza kutoa. Alimtazama Laker aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa ukumbi. Laker aliinamisha uso.

Nabalayo alirudi jikoni. Alipima vipande vitatu. Alipovifikisha mezani kapteni alivihesabu kwa uma kabla ya kuanza kula, akaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa.

Shati lile Nabalayo alilifua mara tatu. Laker alikuja kusimama naye kwenye karo.

"Unaijua kazi yake," Laker alisema.

"Sasa naijua."

"Basi usiulize. Pima tu, aende."

Ijumaa ya tatu sindano ilirudi pale pale, tisini na saba, na ikaongeza kidogo. Jafar alishuka kwenye mizani akaenda kukaa sebuleni. Daktari Okullo alimfuata, akakaa mkabala naye, ndipo akauona mkono.

"Umegonga wapi, afande?"

"Kazini."

Daktari aliuchukua mkono ule katika mikono yake miwili, kama daktari yeyote angefanya. Alivigusa vifundo kimoja kimoja. Nabalayo alikuwa amebeba sinia la chai, akaona jinsi vidole vya daktari vilivyopunguza mwendo, vikasimama. Alikaa hivyo muda mrefu, ameshika mkono wa mtu, haugeuzi wala hauachi. Watu wa kwao walikuwa wameingia katika nyumba kama ile yenye ukuta mrefu, wasitoke. Pengine alikuwa akiwakumbuka, pengine hapana.

"Afande, nilikosea," alisema kwa sauti ile ile ya chini. "Nilisema kila kazi ya jasho inahesabika. Hii sitaihesabu."

"Hii ni ipi?"

"Hii." Aliulaza mkono wa kapteni juu ya mkono wa kiti. "Tembea asubuhi. Kimbia ukitaka. Hayo nitayahesabu."

Sinia lilianza kumwelemea Nabalayo.

Jafar alitabasamu. "Daktari anachagua kazi," alisema. Kisha akampungia mpishi. "Mpe chai."

Daktari alikunywa chai yake yote. Alipopita karibu na mlango wa jikoni alisimama, akamwambia Nabalayo, "Endelea kuchemsha. Usikaange," naye Nabalayo akasema sawa, daktari. Alitaka kumwambia aondoke Kampala siku hiyo hiyo. Askari wa getini alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale akimfungulia daktari lango, na Nabalayo akarudi kwenye sufuria.

Jumanne kapteni alichelewa, na alipofika alikuwa mchangamfu. Alivuta kiti, akajipangusa shingo kwa leso.

"Leo ni saa nne," alisema. "Mtu mwembamba vile. Sikujua mtu mwembamba anaweza kuchukua muda yote hiyo."

Laker alikuwa akimmiminia maji. "Nani?" aliuliza, na mara uso wake ukaonyesha anajuta kuuliza.

"Daktari yako. Hatakuja tena. Imekwisha. Sasa tutapima wenyewe." Alichukua glasi. "Nabalayo, umesikia? Saa nne."

Nabalayo aliingia jikoni. Alisimama mbele ya ile sahani ya shaba, nyama ikiwa kwenye sufuria, mvuke ukimpiga usoni. Alifikiri kwamba angeweza kukataa. Alifikiri juu ya Cleopas, na kabati, na gari dogo lililokuwa bado nje na injini yenye joto. Mikono yake ikachukua uma ikapakua kipande kimoja, cha pili, cha tatu, cha nne. Ikamega na posho, ngumi nne. Aliibeba sahani ile mezani, na kapteni akaila yote, akaomba mchuzi zaidi.

Usiku ule Nabalayo hakugusa chakula, wala siku iliyofuata.

Siku hiyo iliyofuata, asubuhi, askari wa getini alimwita. Mwanamke alikuwa amesimama nje ya lango, amevaa gauni la buluu na kitambaa kichwani, mkoba ameukumbatia kifuani. Alikuwa na macho ya mtu ambaye hajalala.

"Mimi ni Ayot, mke wa Daktari Okullo," alisema. "Mume wangu alinieleza ana mgonjwa Mbuya, katika nyumba hii. Alitoka jana asubuhi. Nauliza kama alifika huku."

Askari alikuwa akisikiliza. Nabalayo aligeuza kichwa kidogo, akamwona Laker dirishani, kiganja mdomoni.

"Hakufika, mama," Nabalayo alisema. Lilikuwa neno la kweli, na alihisi linamchoma ulimi.

Ayot alimtazama usoni, kisha akaitazama aproni yake. "Sisi tunakaa Bukoto, flati za chini, mlango wa kwanza ukishapita duka la mafuta ya taa. Akifika, mwambie watoto wanamuuliza."

"Nitamwambia."

Mwanamke yule alishuka mlima polepole, akigeuka nyuma kila baada ya nyumba mbili tatu. Nabalayo alisimama langoni mpaka askari akamuuliza kama hana kazi.

Ijumaa ikafika tena. Safari hii hapakuwa na daktari, walikuwa wao watatu tu bafuni. Jafar alipanda. Sindano ikaenda tisini na tisa.

Alishuka, akapanda tena. Tisini na tisa.

"Unanilisha nini?" alisema bila kugeuka.

"Kile kilichoamriwa, afande."

"Mimi natoka jasho kila siku. Nafanya kazi mpaka mkono inakufa. Halafu naongezeka." Sasa aligeuka. "Mkenya ndani ya jikoni yangu. Watu waliniambia. Waliniambia, Jafar, huyo mwanamke atakumaliza. Mimi nikasema hapana, huyu ni mtu mzuri. Bodi imebaki miezi mitatu. Nani amekutuma?"

"Jafar," Laker alisema.

"Wewe nyamaza." Alimshika Nabalayo begani, si kwa nguvu, akamsukuma mbele. "Panda."

Nabalayo alivua ndala, akapanda. Sindano ilichezacheza. Ilipotulia ilionyesha arobaini na nane.

Jafar aliitazama namba ile kwa muda. "Wewe unafanya kazi?"

"Ndiyo, afande. Maji yakikatika nayachota kule chini. Nabeba mkaa, nafua, natoka Owino na kikapu kichwani."

"Unatoka jasho."

"Natoka."

"Mimi natoka jasho, wewe unatoka jasho. Kwa nini wewe umekonda na mimi nanenepa? Niambie sababu."

Nabalayo bado alikuwa juu ya mizani, mgongo wake ukigusa vigae vya ukuta. Alijua jibu, alilijua tangu wiki ya kwanza. Alijua pia kwamba mtu mmoja alishalisema sebuleni, akiwa ameushika mkono wa kapteni, na kwamba mtu huyo hayupo. Alitafuta namna nyingine ya kulisema, akaipata, na akaichukia palepale.

"Kwa sababu mimi sihesabu, afande. Kazi yangu haiongezewi chakula. Nikichota maji mara kumi, nakula kile kile nilichokula jana."

Jafar aliitazama tena namba ile.

"Kila siku tuliyohesabu kazi yako, Ijumaa ilikuwa nzito zaidi," Nabalayo aliendelea, akijisikia kama anavuka daraja la ubao mmoja. "Sina elimu ya kueleza. Lakini kipimo kimeonyesha. Ukitaka safari, tusiihesabu. Ule cha mezani tu. Kazi ikae huko huko ilikofanywa."

"Isihesabiwe," Jafar alisema taratibu.

"Isihesabiwe, afande. Iwe kama haikufanyika."

Laker alikuwa ameshika ukingo wa beseni kwa mikono miwili. Maji yalidondoka kutoka kwenye bomba, tone, halafu tone. Jafar alimtazama mpishi machoni, na Nabalayo aliona kwamba anapima kitu, kama yeye alivyopima nyama, akiongeza upande huu na kupunguza upande ule.

"Kama haikufanyika," Jafar alirudia. Uso wake ulilegea. Neno lile lilikuwa limempendeza. "Sawa. Shuka. Kesho unaniamsha saa kumi na mbili, nitatembea."

Nabalayo alishuka. Aliingia jikoni, akakaa sakafuni kati ya jiko na mfuko wa mkaa, na Laker akaja akakaa karibu yake.

Kuanzia hapo kapteni alipungua. Alitembea asubuhi, akala sahani yake ya majani, hakuomba kuongezwa. Bado siku nyingine alirudi na shati limelowa, na siku moja alirudi na doa la damu kwenye buti. Lakini hakutamka saa wala kazi. Alikula, akalala, akaamka amechangamka kama mtu asiye na deni kwa yeyote. Nabalayo alimwona akikonda, akajua kwamba ndicho alichokitaka, na kwamba neno alilompa lilikuwa limemwondolea kapteni hata ule uzito mdogo wa kulisema alilolifanya. Usiku alimwomba Mungu amsamehe. Asubuhi alichemsha dodo.

Bodi ilimpima themanini na nne. Alirudi nyumbani akipiga honi tangu chini ya mlima.

Siku ya safari gari lilimchukua kwenda uwanja wa ndege wa Entebbe asubuhi, masanduku mawili, kofia mpya. Alimwachia Laker pesa kidogo na maagizo mengi. Ufunguo wa kabati aliondoka nao mfukoni. Wanawake wawili walisubiri mpaka ndege ikapita juu ya ziwa, wakaiona, ndogo na nyeupe, na hata hivyo wakasubiri zaidi. Kisha Laker akachukua mtaimbo wa kuvunjia mkaa, akaupachika kwenye mlango wa kabati la mninga, akauegemea kwa mwili wake wote. Mbao ililia, ikaachia.

Pasi ya Nabalayo ilikuwa chini ya mashati, ndani ya bahasha iliyokuwa na pasi nyingine nyingi, za watu wengine. Laker alizitazama zile nyuso ndogo za picha, moja baada ya nyingine. Ya kaka zake haikuwemo. Alirudisha bahasha mahali pake na kufunga kile kilichobaki cha mlango.

Walitoka na vikapu vya sokoni, nguo zimefichwa chini ya majani ya ndizi.

"Mnakwenda wapi?" askari aliuliza.

"Owino," Laker alisema. "Mzee hayupo, leo tutakula nyama ya kukaanga."

Askari akacheka, akawaagiza sigara, akafungua.

Chini ya mlima waliagana. Laker alikuwa na nafasi kwenye lori la Gulu. Alimkumbatia Nabalayo mara moja, kwa haraka. "Basi la Tororo linaondoka saa nane," alisema. "Usichelewe. Usipite popote."

"Ndiyo, Mama Acen."

Lakini Nabalayo alipita. Alipofika njia panda alisimama na kikapu chake, akaitazama barabara ya kwenda stendi, kisha akashika njia ya Bukoto. Hakuna aliyemtuma. Alitembea kando ya barabara akihofia kila gari lililopunguza mwendo, akalipata duka la mafuta ya taa, akabisha mlango wa kwanza.

Ayot alifungua. Alikuwa amepungua mno. Alimtambua mgeni mara moja, akaitazama barabara nyuma yake pande zote mbili, akamvuta ndani.

"Amefika?" aliuliza.

"Dada, usimngoje," Nabalayo alisema.

Ayot alishika kiti, akakaa. Katika chumba cha pili watoto walikuwa wakibishana kwa Kilango, lugha ya kwao, juu ya kalamu.

"Umejuaje?"

"Yeye mwenyewe alisema mezani. Kapteni. Nilikuwepo." Nabalayo alilazimika kuendelea, kwa kuwa hilo ndilo lililomleta. "Alirudi kutoka huko, akaomba chakula. Mimi nilimpakulia. Nilimpakulia zaidi ya siku nyingine, kwa sababu aliamuru. Ulipokuja getini nilikuwa nimeshajua."

Alisubiri kupigwa, au kufukuzwa. Ayot alimtazama tu, midomo ikitembea bila sauti, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali.

"Ilikuwa siku gani?" aliuliza mwishowe.

"Jumanne ile aliyotoka."

"Jumanne." Alilishika neno hilo. "Sikujua nisali siku gani. Padri aliniuliza, sikujua." Alijifuta uso kwa kiganja, akainuka, akaenda kufunga mlango wa chumba cha watoto. Alipogeuka sauti yake ilikuwa kavu. "Ulijua, ukanyamaza. Sitakuambia si kitu."

"Hapana. Usiniambie."

"Lakini umekuja." Aliitazama saa. "Unakwenda kwenu?"

"Tororo, halafu nivuke."

"Basi lako halijaondoka bado. Pita nyuma, kuna njia kati ya flati, inatokea barabarani mbali na ule mtambo wa maji. Askari hukaa pale." Alimfungulia mlango wa nyuma mwenyewe. Nabalayo alipokuwa ameshatoka, alisikia nyuma yake mlango wa watoto ukifunguliwa na sauti ya Ayot ikiwaita waje wakae karibu naye, wote.

Basi alilikuta limejaa, akasimama njia nzima. Kwenye kizuizi cha Jinja waliteremshwa, na askari mmoja aliigeuza pasi yake mara mbili, akamuuliza alikuwa akifanya nini Kampala.

"Mpishi," alisema.

"Wa nani?"

Alitaja jina la Jafar, na askari akamrudishia pasi haraka kama imemuunguza.

Alivuka mpaka kwa miguu kesho yake, kwenye mto wa Lwakhakha, maji yakiwa magotini, pamoja na wanawake waliokuwa wakitoka sokoni. Alimkuta Cleopas nyumbani kwa mama yake, ameketi kwenye ngazi. Cleopas alilia kabla mkewe hajalia. Mama mkwe alileta ugali na kuku, akampakulia rundo, akisema tazama mlivyomkondesha mtoto wangu.

Nabalayo alinawa, akaumega ugali, akaushika bila kuula. Kila mtu alikuwa akimtazama ale. Alimwambia Cleopas awatoe watu nje kidogo, na walipotoka akamweleza yote, tangu mizani ya bafuni mpaka mlango wa Bukoto, hakuruka kitu, wala vile vipande vinne. Chakula kilipoa katikati yao. Cleopas hakumwambia si kosa lake. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua tonge kutoka sahani hiyo hiyo, akala, akamsogezea sahani, naye Nabalayo akala.

Habari za Laker zilimfikia mwaka uliofuata kupitia kwa mtawa mmoja: alimchukua Acen, wakavuka kwenda Sudan, wazima. Habari za Jafar hakuzipata, na hakuuliza.